Habari za Kidukari Mweusi na Ugonjwa wa Karanga

Wasikilizaji wetu, mazungumzo ya leo yaanzia sokoni. Sisi wakazi wa Mchafukoge, tukitaka mboga, hatwendi mbali: twapita Mnazi Mmoja, twaingia mitaa ya Kariakoo, na kabla jua halijawa kali tumekwisha rudi na kikapu. Asubuhi moja tulinunua fungu la majani ya kunde. Tulipoyageuza upande wa chini tukaona nukta nyeusi zing'aazo, zimesongamana katika ncha zilizo laini, mfano wa mtu aliyemwaga ufuta mweusi. Mama aliyetuuzia alicheka. “Wadudu mafuta hao, wanangu. Osheni kwa maji ya chumvi, hawana neno.”

Kwa mlaji ni kweli, hawana neno. Kwa mkulima ndipo penye neno, na neno lenyewe ni refu, maana mdudu yule yule wa majani ya kunde ndiye aliyehusika na msiba wa karanga katika Afrika yetu kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja. Tumeona vema kueleza habari hizo tangu mwanzo wake, kwa kuwa watu wengi wa mjini hula kashata na karanga za kukaanga kila siku, wala hawajui zilipopita hata zikafika katika kikaratasi chao.

Kwanza tumjue mdudu mwenyewe. Kwa Kiswahili huitwa kidukari, na wengi huwaita wadudu mafuta kwa ajili ya ule ung'avu wa miili yao na kule kunata kwa majani waliyoyakalia. Jamaa zake ni wengi mno duniani: wako wa kijani, wa manjano, wa kahawia, na huyu mweusi apendaye mimea ya jamii ya kunde. Hana meno ya kutafunia. Ana mrija mwembamba kuliko unywele, ambao huupenyeza katika jani hata ufike kwenye mishipa ipitishayo utomvu mtamu, kisha hutulia pale akanywa. Utomvu una sukari nyingi kupita haja yake, basi ile inayozidi huitoa nyuma kama maji matamu yenye kunata. Ndiyo sababu mtu akiona sisimizi wakipanda na kushuka katika shina la kunde, na aangalie vizuri: wamefuata utamu huo, na kwa ajili yake huwalinda vidukari kama mchungaji alindavyo ng'ombe wa maziwa.

Ajabu iliyo kubwa zaidi ni kuzaa kwake. Katika nchi zetu za joto, kidukari jike hahitaji dume. Huzaa peke yake, wala hatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai, na wote ni majike. Mtoto naye, baada ya siku chache, pengine zisizotimia kumi, huanza kuzaa. Mtu akitazama shamba lake Ijumaa akaona wadudu wachache, asishangae akirudi baada ya wiki mbili akikuta mashina meusi. Maadamu mmea ni laini na chakula ni tele, wengi wao huzaliwa bila mabawa na hukaa pale pale. Wakisongamana, au mmea ukianza kukauka, hutokea kizazi chenye mabawa, nacho huinuka hewani. Si warukaji hodari. Lakini upepo huwachukua, na upepo hauna mpaka.

Adui zake wapo pia. Yuko mdudu mdogo wa mviringo, mgongo wake mwekundu wenye madoa meusi, mfano wa mbaazi iliyokatwa nusu. Watoto humshika wakamchezea. Huyo hula vidukari kutwa nzima, yeye na wanawe. Tungependa watoto wamwache aende zake.

Sasa tuje kwenye karanga. Wazee wa pwani huziita njugu nyasa, na kwa jina hilo mtu aweza kudhani ni mmea uliozaliwa katika bara letu, upande wa Ziwa Nyasa. Sivyo. Njugu mawe ndizo za Afrika tangu asili. Karanga asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno wanahesabiwa miongoni mwa waliozivusha bahari katika karne ya 16, kama walivyovusha muhogo na mahindi. Mmea huu ulipendwa upesi. Hauhitaji ardhi yenye rutuba nyingi, punje zake zina mafuta na nguvu ya kujenga mwili, na jambo la kustaajabisha ni kwamba maua yake ya manjano huchanua juu ya ardhi, kisha kikonyo chake huinama kikazama udongoni, na matunda huzaliwa gizani.

Mmea ukihama nchi huenda ukawaacha nyuma maadui zake wa kwao. Lakini hukutana na wengine ugenini. Karanga zilipofika Afrika zilikutana na ugonjwa ambao huko kwao Amerika haupo, wala Bara Hindi haupo, wala Uchina haupo, ingawa nchi hizo zalima karanga kwa wingi kuliko sisi. Ni ugonjwa wa Afrika, kusini mwa jangwa la Sahara, na visiwa vilivyo karibu. Kwa hiyo wenye elimu wameamua kwamba lazima ulikuwamo tangu zamani katika mimea fulani ya porini mwetu, na karanga, mgeni asiye na kinga, zikaupata kwa njia ya kidukari.

Mtu wa kwanza kuuandika katika kitabu aliuona katika nchi hii hii. Wakati wa utawala wa Wadachi, mwaka wa 1902, kilianzishwa kituo cha uchunguzi wa mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Miongoni mwa wataalamu wake alikuwamo Bwana Albrecht Zimmermann, mjuzi wa elimu ya mimea. Mwaka wa 1907 alichapisha katika gazeti la wakulima wa Kidachi maelezo ya ugonjwa wa karanga ambao majani yake hujikunja. Hayo ndiyo maelezo ya kwanza yajulikanayo ya ugonjwa ambao baadaye uliitwa rozeti. Jina hilo latokana na umbo la waridi: vifundo vya shina hukaribiana, majani huwa madogo, ya manjano au ya kijani kilichoiva, yamejikunja na kubanana, hata mmea mzima wafanana na ua lililokaa chini. Ukiung'oa mmea ulioshikwa ungali mchanga, huenda usikute hata ganda moja lenye punje. Ukishikwa baadaye, utakuta kidogo.

Zimmermann aliona ugonjwa, lakini hakujua mletaji wake. Wakati huo elimu ya virusi ilikuwa changa kabisa. Watu walikuwa wameanza tu kufahamu kwamba kuna kitu kiletacho ugonjwa ambacho ni kidogo hata hupenya katika vichujio vizuiavyo bakteria. Kisha vikaja vita vya 1914 hadi 1918. Hapa tuseme neno moja la mji wetu. Kariakoo ni jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, Carrier Corps, waliokusanywa mahali hapo. Na mahali pale pale, mwaka wa 1923, pakawa soko. Vita ile ile iliyotupa jina la soko letu ndiyo iliyokatiza kazi ya Amani, na kituo kikalala miaka kadhaa kabla ya Waingereza kukifufua katika miaka ya 1920.

Jibu la fumbo la Zimmermann lilipatikana Afrika ya Kusini. Bwana Harold Haydon Storey, Mwingereza aliyekuwa akichunguza magonjwa ya mimea huko, alionyesha pamoja na mwenzake Bottomley, mwaka wa 1925, kwamba ugonjwa wa rozeti hupelekwa kutoka karanga hadi karanga na kidukari mweusi. Maelezo yao marefu yalitoka mwaka wa 1928, na mwaka huo huo Storey alihamia Amani. Hivyo ujuzi ulirudi kwenye milima ile ile ugonjwa ulikoandikwa kwanza, baada ya miaka ishirini na mmoja.

Tungependa kumsimulia Storey kidogo zaidi, maana alikuwa mtu wa subira ya ajabu. Huko Amani alichunguza pia ugonjwa wa milia ya mahindi, ambao huletwa na mdudu mwingine, mrukaji mdogo akaaye majanini. Aligundua kwamba katika jamii moja ya wadudu hao wako wawezao kupeleka ugonjwa na wako wasioweza, na uwezo huo hurithiwa. Akajiuliza: hao wasioweza, huzuiwa na nini? Akachukua sindano nyembamba sana, akamtoboa mdudu tumboni hata utumbo wake ukatoboka kidogo, bila kumwua. Mdudu yule ambaye jana hakuweza kuleta ugonjwa, sasa aliweza. Ndipo ikajulikana kwamba ukuta wa utumbo ndio mlango: kwa wengine umefungwa, kwa wengine u wazi. Habari hii aliichapisha mwaka wa 1933. Na mtu afikiri ukubwa wa mdudu mwenyewe, ambaye hafiki hata nusu ya punje ya mchele, ndipo ajue kazi iliyofanywa kwa sindano ile.

Kidukari wa karanga naye ana njia kama hiyo. Hapati ugonjwa kwa kugusa tu. Sharti anywe utomvu wa mmea mgonjwa kwa saa kadhaa; kisha sharti ipite kama siku moja au zaidi, virusi vikipenya kutoka utumboni hata mate yake. Baada ya hapo aweza kuambukiza maisha yake yote. Watoto wake hawazaliwi navyo. Kila mmoja sharti ajipatie mwenyewe. Si vidukari vyote vifanyavyo hivyo. Virusi vya mapapai vile vichoravyo madoa ya mviringo katika tunda huchukuliwa na vidukari kwa dakika chache tu, katika ncha ya mdomo, na hupotea upesi. Tofauti hii si ya kuwafurahisha wenye elimu peke yao. Dawa ya kuua wadudu huweza kumwahi kidukari anayehitaji saa nyingi. Yule wa dakika chache huwa amekwisha ambukiza kabla hajafa.

Basi tufike mwaka wa 1947, mwaka ambao neno karanga lilisikika katika kila nyumba ya Dar es Salaam. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na mafuta ya kupikia yalikuwa haba. Mwaka wa 1946 ulitumwa ujumbe ukiongozwa na Bwana John Wakefield, aliyekuwa amepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Wakarudi na shauri la kulima ekari 3,210,000 za karanga, sehemu iliyo kubwa katika Tanganyika, kwa gharama ya pauni milioni 24 hivi. Kazi ikaanzia Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Bandari yetu ikajaa mitambo. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matingatinga ya kung'olea miti. Mibuyu haikung'oka kwa urahisi. Ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi iligeuka kama tofali, na changarawe yake ililiza na kula majembe. Mvua haikuja kama ilivyoandikwa katika karatasi. Mwaka wa kwanza walitaka kulima ekari 150,000, wakapanda kama 7,500. Mwezi wa Januari, 1951, shauri lile likaachwa, na hasara iliyofutwa ilikuwa zaidi ya pauni milioni 36.

Hapa twapenda kuwa waangalifu. Wako wasimuliaji wapendao kusema kwamba kitu kidogo kiliangusha kitu kikubwa, na wangependa kidukari ndiye aliyeangusha mpango wa karanga. Sisi hatusemi hivyo. Mpango ule uliangushwa na haraka, na ardhi isiyopimwa vizuri, na mvua isiyotosha, na mashine zisizofaa, na kutowauliza Wagogo ambao walijua miaka ya njaa ya nchi yao. Lakini rozeti ilikuwapo Tanganyika muda huo wote, na mtu akilima mmea mmoja juu ya nchi pana namna hiyo humwandalia mdudu wake karamu. Faida moja iliyobaki ni ujuzi. Bwana A. C. Evans alichapisha mwaka wa 1954 uchunguzi wa mashambani juu ya rozeti katika Tanganyika, na Storey, aliyekwisha hamia Muguga, Kenya, pamoja na Ryland, walitoa mwaka wa 1955 na 1957 habari za virusi vyenyewe, wakionyesha kwamba sura za ugonjwa huu si moja.

Kwa nini si moja? Jibu lilichukua miaka thelathini mingine, nalo ni kisa kama cha hadithi za abunuwasi. Mwaka wa 1968 Hull na Adams walionyesha kwamba ndani ya mmea mgonjwa mna virusi viwili. Kimoja walikiita msaidizi. Kirusi msaidizi kina joho, yaani ganda la kukifunika, na kidukari hukubali kumbeba mwenye joho tu. Peke yake, msaidizi hauonyeshi mmea ugonjwa wa kutambulika kwa macho. Kirusi cha pili hakina joho lake, basi huazima la msaidizi, akaingia humo akasafiri. Mwisho, mwaka wa 1988, Murant na wenzake wa Uskochi wakathibitisha kwamba yuko wa tatu: kipande kidogo sana, kisicho na joho wala uwezo wa kujizidisha chenyewe, ambacho hutegemea kirusi cha pili kwa kuzaliana na cha kwanza kwa kusafiri. Wenye elimu hukiita satelaiti. Na huyo, mnyonge kuliko wote, mpanda gari la watu, ndiye afanyaye majani kuwa ya manjano na mmea kudumaa. Satelaiti zikiwa namna mbalimbali, sura za ugonjwa huwa mbalimbali. Kidukari akimchukua msaidizi peke yake, hakuna mtu atakayeona kitu shambani. Akiwachukua wote watatu, ndipo shamba liharibikapo.

Na tuseme jambo moja ambalo mkulima hulifurahia akiambiwa: ugonjwa huu hauendi kwa mbegu. Punje ya mmea mgonjwa, kama ilipatikana, haina rozeti ndani yake. Kila msimu ugonjwa sharti uje upya, kutoka kwa maotea, yaani karanga zilizobaki udongoni zikajiotea zenyewe, au kutoka mbali kwa upepo. Kwa hiyo kung'oa maotea kabla ya kupanda si kazi ya bure.

Silaha nyingine mbili zilijulikana tangu zamani, kabla ya dawa zo zote: kupanda mapema na kupanda karibu karibu. Anayepanda na mvua za kwanza, mimea yake huwa imekomaa kabla vidukari havijawa vingi. Na mmea mkubwa ukiambukizwa hupoteza kidogo. Kupanda karibu kwafaa kwa sababu nyingine ambayo watu hawaitambui kwa urahisi. Kidukari mwenye mabawa hutafuta mahali pa kutua kwa macho, na huvutwa na jani la kijani lililozungukwa na udongo mtupu. Shamba lililofunikwa majani tele halimvuti kama lile lenye mapengo. A'Brook, aliyefanya majaribio Nigeria katika miaka ya 1960, alilionyesha jambo hili wazi.

Shauri hili ni jema, nasi hatuna hoja juu ya ukweli wake. Hoja yetu ni juu ya watu wanaoambiwa. Tupige hesabu. Ukipanda mistari nusu mita na mbegu moja kila sentimita kumi, ekari moja yataka punje kama 80,000. Punje za kadiri huwa na uzito upatao gramu 0.4 kila moja. Hiyo ni zaidi ya kilo 30 za mbegu kwa ekari. Ekari ya mahindi yatosheka kwa kilo kumi au chini. Na mbegu ya karanga ni chakula kizuri kilichomo ndani ya nyumba wakati wa njaa, wakati ule ule kabla ya mvua. Mjane mwenye watoto wanne, aliyebakiwa na debe moja, atawalisha karanga hizo mwezi wa Novemba, naye akipata nyingine mwezi wa Januari atazipanda chache, kwa mapengo, na kwa kuchelewa. Hakukosa kusikia shauri la bwana shamba. Amelisikia sana. Lakini kidukari humkuta na shamba lile hasa alipendalo: changa, lenye nafasi, na la mwisho kuota katika kijiji. Ndivyo ugonjwa huu uchaguavyo watu wake.

Ikiwa mtu adhani twatia chumvi, na aangalie yaliyotokea kwingine. Nigeria ya kaskazini ilikuwa miongoni mwa nchi kubwa za kuuza karanga duniani, na magunia yalirundikwa Kano kama mapiramidi. Mwaka wa 1975 rozeti iliharibu karibu hektari 700,000 huko. Malawi ilipatwa katika msimu wa 1994 na 1995, pamoja na Zambia ya mashariki. Katika Malawi eneo la karanga lilipungua kutoka hektari 92,000 hadi 65,000 msimu uliofuata. Hebu tuitazame hesabu hiyo ya mwisho. Hektari 27,000 hazikuliwa na mdudu; watu waliacha kupanda, kwa kukosa mbegu au kwa kukata tamaa.

Je, hapana karanga isiyougua? Ipo, na namna ilivyopatikana ni bahati iliyotoka katika msiba. Mwaka wa 1952 rozeti iliingia Senegali katika shamba la kituo walimokusanya aina nyingi za karanga, ikaua karibu zote. Zikabaki chache zimesimama kijani katikati ya wagonjwa. Walipotazama daftari, wakaona zilitoka mpakani mwa nchi zinazoitwa leo Burkina Faso na Kodivaa. Wakulima wa huko, bila kitabu, walikuwa wamezichagua na kuzihifadhi. Kutokana na hizo zimezaliwa aina nyingi zenye kinga. Lakini zile za kwanza zilichelewa kukomaa, nazo hazikufaa nchi kama Dodoma ambako mvua hukatika upesi. Kuichanganya kinga na kukomaa mapema kulichukua miongo mingi, kazi iliyofanywa hasa Chitedze, Malawi, tangu mwaka wa 1982. Huko ilichaguliwa pia aina moja isiyo na kinga ya kirusi kabisa, bali kidukari mwenyewe haipendi. Asili yake ni kusini mwa Bara Hindi, nchi isiyojua rozeti. Malawi iliipa wakulima wake mwaka wa 2001 kwa jina la Baka. Wenzetu wa Mchafukoge ambao babu zao walivuka bahari hiyo hiyo na mizigo yao watafurahi kusikia kwamba karanga nayo ilivuka.

Kwetu Tanzania kazi ya karanga imo mikononi mwa kituo cha Naliendele, Mtwara. Mwaka wa 1998 kilitoa aina iitwayo Pendo, ambayo hukomaa upesi, kwa siku zipatazo mia au pungufu, na kwa sababu hiyo imeenea sana. Mwaka wa 2009 kikatoa nyingine zenye majina ya miji na vijiji vya kusini: Mangaka, Masasi, Mnanje, Naliendele, na Nachingwea. Tulitabasamu tuliposoma jina la mwisho. Miaka sitini baada ya matingatinga kuondoka, Nachingwea imerudi kuwa jina la karanga, safari hii ya kupandwa kwa mkono.

Sokoni kwetu mambo mengi yamebadilika. Paa la zamani liliondolewa, na jengo kubwa alilolichora Bwana Beda Amuli likafunguliwa mwaka wa 1975. Nalo likaungua mwezi wa Julai, 2021, na wauzaji wakatawanyika. Karanga hazikukoma kuuzwa hata siku moja. Ziko katika magunia yaliyokunjwa midomo, nyekundu na za rangi ya mchanga, na kijana mwenye kopo la kupimia amesimama nyuma yake.

Nenda kwake mwezi wa Mei, atajaza kopo bila kuinua macho. Lakini tulipokwenda mwisho wa Oktoba, tulimkuta mama mmoja aliyefunga safari kutoka upande wa Mpwapwa kuja kumtazama mwanawe aliye mjini. Alikuwa ameketi juu ya kibao, gunia mbele yake, akiokota punje moja moja: iliyochubuka kando, iliyopasuka kando, iliyo nzima ndani ya mfuko wake. Yule kijana hakumharakisha. Tulipokaribia, akatuuliza swali ambalo wakati mwingine wa mwaka hatuulizi: “Wazee, za kula au za kupanda?”